Propela inapokataa kuingia kwenye giaboksi ya otomatiki ya gari la kale

Giaboksi imeshapanda, boliti za injini zimekazwa, na wewe uko chini ya gari umeikumbatia propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, unaisukuma kwenye mkia wa giaboksi. Haiingii. Au inaingia sentimita mbili, inagoma. Au inaingia mpaka mwisho bila shida, ila upande wa nyuma haufiki kwenye difu, ile gia ya ekseli ya nyuma. Ni katika dakika hiyo magari mengi mazuri huharibiwa, maana mmoja hushika nyundo na mwingine hukimbilia kwa mchomeleaji kukata propela.

Nakuomba uweke nyundo chini. Propela inayokataa huwa imekataa kwa sababu ya meno, urefu au krosi (kiungo cha msalaba kilicho kwenye ncha ya propela), na wakati mwingine kwa mambo mawili kati ya hayo kwa pamoja. Kila moja lina kipimo chake, na vipimo vyote unaweza kuvichukua kwa futi ya chuma, vania (kipimo cha vipenyo) na kipande cha chaki kabla hujakata chuma chochote.

Mifano yangu mingi itatoka kwenye Chevrolet za miaka ya 1960 na 1970, yaani Camaro, Chevelle, Nova na Impala. Magari haya yalitoka kiwandani na giaboksi za aina kadhaa, na baada ya nusu karne ni machache ambayo bado yana ile iliyozaliwa nayo. Wenzetu walioko Oman na Emirates wanayajua vizuri, kwani huko Chevrolet Caprice ilikuwa gari la nyumba nyingi. Ford na Chrysler nitazigusa pale zinapotofautiana.

Kabla hujaingia chini

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Kwenye otomatiki, P (gia ya kuegesha) hufunga shafti inayotoka nyuma ya giaboksi, na propela ndiyo inayopeleka kufuli hiyo kwenye magurudumu. Ukiitoa propela, P haishiki kitu, na gari litateremka hata kama mkono wa gia uko kwenye P. Kwa hiyo weka kabari magurudumu ya mbele kwa pande zote mbili, vuta hendibreki, na ulaze gari kwenye stendi imara. Usifanye kazi hii juu ya jeki peke yake.

Stendi za nyuma ziweke chini ya ekseli, si chini ya chesisi. Sababu ni kipimo. Ukiinua chesisi, ekseli inaning'inia, na kila urefu utakaoupima hapo utakuwa wa uongo. Ekseli ikibeba uzito wa gari, springi hukaa kama zinavyokaa barabarani. Na kama unaweza, inua na mbele pia. Nyuma ikipanda peke yake oili husogea mbele ya giaboksi na mkia haumwagi, lakini mbele ikipanda kuliko nyuma, oili nyekundu itakutoka mkiani mara tu yoki, ile ncha ya propela inayoingia kwenye giaboksi, inapochomoka. Kuwa na yoki ya zamani ya kuziba tundu, au mfuko wa plastiki na raba ya kufungia.

Hatua ya kwanza: ijue giaboksi uliyonayo

Usiamini ulichoambiwa na muuzaji, na usiamini kilichoandikwa kwenye karatasi za gari. Angalia sampo, lile bakuli la oili lililo chini ya giaboksi. Umbo lake ndilo kitambulisho.

Powerglide ya aluminiamu, ya gia mbili, ilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1973. Sampo yake inakaribia mraba na ina boliti 14, na mara nyingi jina lenyewe limetokezwa ubavuni mwa bodi. Turbo 350, iliyoanza na magari ya 1969, ina sampo ya mraba iliyokatwa kona moja na boliti 13. Turbo 400 ya kuanzia 1964 nayo ina boliti 13, lakini sampo yake ni ndefu na imepinda pinda. Ukishaiona mara moja hutaichanganya tena na nyingine. Isitoshe, upande wa kushoto wa Turbo 400 kuna plagi ya umeme ya kuishusha gia unapokanyaga mafuta, ilhali Turbo 350 hutumia kebo. Ukikuta sampo ya mstatili yenye boliti 16, hiyo ni 700R4 ya gia nne, ya miaka ya 1980, ambayo wengi huiweka kwenye magari ya kale ili injini ipumue kwenye safari ndefu.

Kisha pima mkia, kile kipande kilichofungwa kwa boliti nyuma ya bodi. Turbo 350 ilitoka na mikia ya urefu wa aina tatu, takriban inchi 6, 9 na 12. Kwa milimita ni kama 152, 229 na 305. Ni giaboksi moja kwa kila kitu kingine, ila inaweza kuishia mahali patatu tofauti. Kwa maoni yangu hapa ndipo chanzo cha nusu ya matatizo yote ya propela: mtu amenunua Turbo 350 iliyo sahihi, yenye mkia usio wa gari lake.

Hatua ya pili: hesabu meno

Ndani ya mkia kuna shafti yenye meno marefu, na yoki ya propela ina mifereji ya kupokea meno hayo. Idadi lazima ilingane kabisa. Weka nukta ya rangi kwenye jino moja, zungusha ukihesabu mpaka urudi kwenye nukta. Rudia. Kwenye yoki, ambako macho hayafiki vizuri, paka mafuta mazito kidogo kwenye mifereji, vingirisha karatasi laini ndani, ikandamize kwa kidole, itoe na uhesabu mistari.

Hizi ndizo namba za kukumbuka. Powerglide ya aluminiamu, Turbo 350 na 700R4 zote zina meno 27. Turbo 400 ina 32. Upande wa Ford, C4 na AOD zina 28, na C6 ina 31. TorqueFlite za Chrysler: A904 ina 26, A727 ina 30.

Tazama namba hizo kwa makini uone mtego ulipo. Yoki ya meno 32 si rahisi kukudanganya. Silinda yake ya nje ina kipenyo cha karibu mm 48, wakati ile ya meno 27 ina kama mm 38, kwa hiyo haipiti hata kwenye sili, ile raba ya kuzuia oili mkiani. Kinachodanganya ni jino moja la tofauti. Yoki ya Ford ya meno 28 na ya Chevrolet ya meno 27 ukizishika mkononi zinafanana kama ndugu, na kipenyo cha nje kinakaribiana. Yoki isiyo yake inapita kwenye sili vizuri, inagusa meno, pengine inang'ata milimita chache, halafu inasimama. Fundi anadhani ni uchafu, anagonga. Nimewahi kushika shafti iliyogongwa namna hiyo. Ncha za meno zilikuwa zimelala upande, na kuibadilisha kulimaanisha kuifungua giaboksi ambayo ilikuwa imetoka kutengenezwa.

Meno yasipolingana, dawa ni yoki nyingine. Propela yenyewe huenda haina kosa lolote. Toa krosi, weka yoki yenye idadi sahihi, na uende kwenye vipimo vya urefu.

Hatua ya tatu: meno yanalingana, lakini bado inagoma

Hapa anza na yaliyo mepesi. Je, gia iko N, yaani huru? Ikiwa P, shafti imefungwa na haizunguki. Weka N, sukuma kwa upole huku ukiizungusha propela nyuzi chache huku na huku. Je, mkia wa propela umeegemea sakafu? Propela ni nzito, na ikiinama hata kidogo yoki huingia kwa kona na kubana kwenye bushi, ile pete inayoibeba ndani ya mkia. Iegemeze kwenye gogo au stendi ili iwe sawa na mstari wa shafti.

Bado? Ichomoe yoki kutoka kwenye propela, uijaribu peke yake kwa mkono. Jaribio hili moja linafaa kuliko saa nzima ya kubishana na propela nzima. Yoki nzuri kwenye giaboksi nzuri huteleza kwa nguvu ya vidole.

Ikigoma hata peke yake, angalia kwa tochi. Bushi iliyo ndani ya mkia, mbele kidogo ya sili, ikipigwa vibaya wakati wa ukarabati huumuka ukingo na kubana silinda ya yoki. Utaona alama ya kung'aa upande mmoja wa yoki baada ya kujaribu. Meno ya shafti iliyokaa miaka ghalani hushika kutu, na yoki iliyoangushwa sakafuni hupata nundu mdomoni. Nundu iondoe kwa tupa ndogo, kutu kwa brashi ya waya, na safisha kila unga wa chuma kabla haujaingia ndani. Silinda ya nje usiiguse kwa tupa wala msasa mkavu. Hapo ndipo sili inapokaa, na mkwaruzo mmoja wa kukatiza utavujisha oili maisha yote ya gari.

Kuna kisa kingine ambacho huwasumbua sana watu waangalifu. Yoki inaingia vizuri, inakaribia mwisho, halafu inarudishwa nyuma kama kuna springi ndani. Hakuna springi. Mtu amejaza grisi kwenye mifereji kwa nia njema, na grisi hiyo pamoja na hewa imezibwa mbele ya ncha ya shafti, haina pa kutokea. Ukilazimisha, unaweza kuisukuma nje ile kofia ndogo ya bati iliyo kwenye koo la yoki. Toa yoki, futa grisi yote, paka oili ya giaboksi nyepesi kwenye meno na kwenye mdomo wa sili, kisha rudisha polepole.

Sasa kama unachokiona mkiani si tundu lenye sili bali ni sahani yenye matundu ya boliti, hakuna yoki itakayoingia hapo. Chrysler za mpaka 1964 zilifungwa hivyo. Hata Mercedes za W115 na W123, ambazo bado ziko nyingi barabarani kwetu, hazina yoki ya kuteleza kwenye giaboksi. Zina propela ya vipande viwili iliyofungwa kwa diski za raba, na katikati kuna nati kubwa inayobana sehemu ya kuteleza. Ikiwa ya Mercedes inaonekana fupi au ndefu kwa milimita chache, fungua kwanza nati hiyo. Na uikaze tena pale tu gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na limesukumwa mbele na nyuma kidogo.

Hatua ya nne: urefu

Tuseme yoki inaingia sasa. Isukume mpaka igonge mwisho. Weka alama ya chaki kwenye silinda, pale inapokutana na sili. Ivute nje kwa mm 20 hadi 25. Hapo ndipo makao yake gari likiwa limesimama.

Nafasi hiyo ina kazi. Ekseli ya nyuma ikipanda kwenye shimo au tuta, huisukuma propela mbele. Kama yoki ilikuwa imeshagonga mwisho, nguvu yote huingia kwenye giaboksi, na washa na bushi za ndani ndizo zinazolipa. Ikiwa imetoka sana, meno yanayoshikana ni machache, yoki inacheza kwenye bushi, sili inavuja, na siku utakayokanyaga mafuta kwa nguvu, meno yanaweza kunyofoka. Propela iliyozidi urefu hufungika kwa kulazimisha ekseli, ndiyo maana watu huikubali. Hiyo ni hatari zaidi kuliko fupi kidogo.

Yoki ikiwa kwenye makao yake, pima kutoka katikati ya tundu la kikombe cha krosi (kofia ya beringi kwenye mkono wa krosi) kwenye yoki ya mbele hadi katikati ya kitako cha kikombe kwenye yoki ya difu. Katikati hadi katikati. Pima mara tatu, kwa futi ya chuma, na usaidiwe na mtu upande wa pili, maana tepu ya kitambaa hulegea. Kisha pima propela uliyonayo kwa namna hiyo hiyo. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo jibu lako.

Ili uone ukubwa wa mambo: Powerglide na Turbo 350 ya mkia wa inchi 6 zinakaribiana sana kwa urefu, tofauti ni milimita chache tu, na yoki ni ile ile. Mtu akitoa moja na kuweka nyingine, propela ya zamani hurudi mahali pake. Turbo 350 ya mkia wa inchi 9 ni ndefu zaidi kwa takriban mm 76, na 700R4 inakaribia urefu huo huo. Kwa hiyo ukiona propela yako imezidi kwa karibu mm 76, usiikate bado. Rudi chini ya gari, pima mkia. Kama ni Turbo 350, kubadilisha mkia na shafti yake kunawezekana, ila ni kazi ya kuifungua giaboksi. Linganisha gharama hiyo na ya kukata propela, na ukumbuke kwamba propela ya kiwandani ya gari la kale ikishakatwa hairefuki. Mimi huiweka ya kiwandani kando, nikafupisha nyingine ya chakavu.

Hatua ya tano: krosi

Hii nitaipitia haraka kidogo, kwa kuwa vania inamaliza ubishi. Pima mambo mawili: kipenyo cha kikombe, na upana wa krosi kati ya sehemu zinapokaa klipu.

Krosi ya Spicer 1310 ina vikombe vya mm 27 na upana wa karibu mm 82. Ya 1330 ina vikombe vile vile vya mm 27, lakini upana ni kama mm 92. Ya 1350 ina upana huo wa mm 92, ila vikombe ni mm 30. Unaona jinsi zinavyoazimana vipimo; ukipima kitu kimoja tu utanunua isiyo yako. Chevrolet nyingi za wakati huo zilikuwa na krosi ya aina ya 3R, vikombe vya karibu mm 28.6, na klipu zake hukaa upande wa ndani badala ya nje. Nyingine kiwandani hazikuwa na klipu kabisa. Zilishikwa na plastiki iliyomiminwa ikiwa ya moto kupitia kitundu kidogo. Hizo huwezi kuzitoa kwa kugonga. Pasha moto masikio ya yoki mpaka plastiki iyeyuke na kuchuruzika, ndipo ukandamize vikombe kwa presi au jiliwa.

Yoki ya mbele ikiwa ya kipimo kimoja na propela ya kipimo kingine, zipo krosi za mchanganyiko, vikombe viwili vya aina hii na viwili vya aina ile. Ni suluhisho halali kabisa kwa gari la matembezi. Kuweka vipande vya bati ili kikombe kidogo kibane kwenye tundu kubwa si suluhisho. Kitatoka njiani.

Kukata, ikibidi

Umefika hapa na umehakikisha kwamba urefu ndio tatizo. Mpelekee fundi wa kukereza vyuma namba yako ya katikati hadi katikati, na yoki utakayoitumia, mkononi. Usimpelekee maneno "fupisha inchi tatu".

Mwambie mambo mawili, hata kama anajua. Masikio ya yoki za ncha zote mbili za bomba lazima yalale kwenye mstari mmoja. Yakipishana, propela itatikisa gari hata ikiwa imebalansiwa. Na baada ya kuchomelea, ipimwe unyofu kwenye kerezo kisha ibalansiwe. Vibamba vidogo vilivyochomelewa kwenye bomba ni uzito wa balansi ya zamani, na baada ya kukatwa havina maana mahali vilipo.

Giaboksi mpya ikikaa juu au chini kuliko ile ya kwanza, angalia pia mwinamo. Mwinamo wa shafti ya giaboksi na ule wa difu uwe karibu sawa, ndani ya nyuzi 1, na kila krosi ifanye kazi kwenye kona ya kati ya nyuzi 1 na 3. Kona ya sifuri nayo haifai, kwa sababu vijiti vya beringi ndani ya kikombe havizunguki, vinachimba mahali pamoja. Krosmemba, ile boriti ya chuma inayobeba giaboksi, iliyobebeshwa washa nyingi, au raba ya giaboksi iliyochoka, inatosha kuvuruga hesabu hii.

Kufunga

Safisha viti vya vikombe kwenye difu mpaka chuma kionekane. Paka oili kwenye sili na meno, ingiza yoki, rudi nyuma, kalisha krosi. Hakikisha vikombe vimekaa katikati ya vijisikio vyake, havijapanda juu ya kimoja. Boliti za U zikaze sawasawa, kidogo kidogo kwa zamu, takriban Nm 20 tu kwa krosi ndogo. Ukikaza kama unakaza gurudumu, kikombe kinabonyea na krosi inakufa ndani ya wiki chache.

Angalia umbali kati ya alama ya chaki na sili. Ule mm 20 hadi 25 upo? Sasa funga utepe mwembamba wa plastiki kwenye silinda ya yoki, uguse sili, kata mkia wake. Ongeza oili iliyopotea, washa, pitisha gia zote gari likiwa bado kwenye stendi na magurudumu ya nyuma yakizunguka bure, mtu yeyote asiwe chini. Halafu shusha gari, uendeshe kilomita chache ukipita kwenye matuta halisi.

Ukirudi, ingia chini tena. Utepe utakuwa umesukumwa nyuma kadiri yoki ilivyozama, na nafasi kati yake na sili ndiyo safari halisi ya propela yako. Ikiwa imezama karibu mm 20 nzima, propela bado ni ndefu, hata kama hujasikia sauti yoyote. Mtikisiko unaoongezeka kwa mwendo wa gari, na usiobadilika ukiweka N ukiwa kwenye mwendo huo huo, unatoka kwenye propela au magurudumu. Ule unaofuata mzunguko wa injini, propela haihusiki. Baada ya kilomita mia moja, kaza tena boliti za U, kata utepe uutupe, na upitishe kidole chini ya sili kuona kama kuna unyevu.